Mpaka Jioni: Nani Amlee Mtoto?



Neno mpaka lina maana mbili, na huenda umekwisha kukutana nazo zote. Mpaka ni mstari unaotenganisha shamba na shamba, wilaya na wilaya, nchi na nchi. Mpaka pia ni neno la kuonyesha kikomo cha wakati au cha safari: nitakungoja mpaka kesho, tulitembea mpaka mtoni. Mimi nimeishi ndani ya maana zote mbili tangu mwaka 2023. Nyumba yangu iko Busia, upande wa Kenya. Shule ninayofundisha iko Tororo, upande wa Uganda. Kila siku ya kazi huvuka mpaka, nami hukaa huko mpaka jioni.

Swali ninalotaka tulitafakari leo limezaliwa katika saa hizo za katikati. Nani amlee mtoto mdogo, ambaye bado hajui kusema ameumia wapi, wakati baba na mama wote wako mbali? Zamani nililiona kuwa swali dogo la nyumbani, lisilostahili nafasi katika masomo yetu ya uraia. Leo nitakueleza jinsi nilivyobadili fikira. Nitakueleza pia jambo ambalo nimechelewa kuliandika kwa sababu ya aibu: mimi ninayekufundisha haki za watoto katika kurasa hizi niliivunja haki ya mtoto mmoja ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Acha kwanza nikuonyeshe siku yetu ilivyokuwa. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kumbuka kwamba katika Kiswahili tunaanza kuhesabu saa za mchana baada ya jua kuchomoza, kwa hiyo wakati huo bado ni giza. Saa moja asubuhi haijafika. Nje ya lango hungoja bodaboda. Neno hilo limezaliwa hapa hapa kwetu. Waendesha baiskeli waliokuwa wakiwabeba wasafiri na mizigo kati ya vituo vya mpakani walikuwa wakinadi kwa Kiingereza kwamba wanakwenda kutoka mpaka hadi mpaka, na kinywa cha watu kikafupisha kilio chao kikawa boda-boda. Leo neno hilo linaeleweka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ingawa pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli.

Mpakani ninaonyesha kitambulisho. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri miongoni mwa nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na msafiri hamalizi tena shughuli za kutoka upande mmoja kisha akaanza foleni nyingine ya kuingia upande wa pili. Baada ya hapo ninapanda gari. Upande wa Kenya gari hilo lingeitwa matatu. Upande wa Uganda huitwa taksi, hata likiwa limebeba abiria kumi na wanne. Jiwe la Tororo linapoanza kuonekana, lile jabali linalosimama peke yake juu ya mji, najua kwamba nitaiwahi kengele ya saa mbili.

Kurudi ndiko kugumu. Masomo yalikuwa yakiisha saa kumi na moja jioni, kisha kulikuwa na zamu ya kuwasimamia wanafunzi katika masomo ya jioni. Taksi haiondoki mpaka ijae. Malori yakisongamana karibu na mpaka, hata mwenye haraka hujifunza subira. Mara nyingi nilifungua mlango wa nyumba yangu saa mbili usiku. Mke wangu ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya kwenda Malaba. Yeye huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na zamu yake ikiwa ndefu hurudi baada ya jua kutua.

Huenda utauliza kwa nini nilikubali kazi ya mbali hivyo. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Shule kadhaa za karibu na mpaka zikaanza kutafuta walimu, nami nilikuwa mwalimu asiye na ajira ya kudumu. Lugha hii tunayoipenda, wewe na mimi, ndiyo iliyonitoa nyumbani alfajiri.

Binti yetu alizaliwa mwaka huo wa kwanza wa kazi. Hapo ndipo nilipoona jinsi mpaka unavyopita hata katikati ya nyumba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ilimpa mke wangu likizo ya miezi mitatu. Sheria hiyo humpa baba likizo ya wiki mbili, lakini mwajiri wangu yuko Uganda, na huko sheria ya mwaka 2006 humpa baba siku nne za kazi. Mtoto ni mmoja, kitanda ni kimoja, sheria ni mbili. Siku ya tano nilikuwa tena juu ya bodaboda.

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Likizo ya mama ilipokwisha, mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini kutusaidia. Alimbeba mjukuu kwa mbeleko, akampikia uji, akamfundisha kukaa na kutambaa. Lakini yeye naye ana shamba. Mvua za masika za mwaka 2024 zilipokaribia, alituambia kwa upole kwamba mahindi hayajipandi yenyewe, na kwamba magoti yake hayawezi tena kumkimbiza mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa ametulelea karibu mwaka mmoja bila malipo. Nilimsindikiza hadi stendi, na njiani kurudi nikaanza kuuliza watu mahali pa kupata yaya.

Hapa kwetu jambo hilo lina njia yake. Unamwambia mtu, mtu anamwambia mtu, na baada ya siku tatu dalali anabisha hodi. Dalali wetu alikuwa mwanamke mwenye maneno matamu. Alisema ana binti wa kijijini, upande wa Tororo, mwenye nidhamu, mchapakazi, wa miaka kumi na minane. Tulipatana shilingi elfu nne za Kenya kwa mwezi, pamoja na chakula na malazi. Dalali alichukua mshahara wa mwezi wa kwanza kuwa ujira wake. Binti alifika siku iliyofuata akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Hakupita kituoni. Alipita njia ya panya, yaani kijia cha vichochoroni ambacho watu hukitumia kukwepa maafisa.

Hatukumwomba cheti cha kuzaliwa. Hatukumwuliza alizaliwa mwaka gani. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, mke wangu alikuwa na zamu, nami nilikuwa na vipindi vitano. Ninakuandikia hayo bila kujitetea: kuna maswali ambayo mtu haulizi kwa sababu jibu lake litamgharimu.

Alikuwa mlezi mwema. Mwanetu alimpenda. Waingereza walipouhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuuingiza katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, mstari wao uliwaacha Wateso pande zote mbili, na hata leo lugha yao husikika Tororo kama inavyosikika Malaba. Binti alimwimbia mtoto nyimbo za kwao. Mwanetu alijua kusema yoga, salamu ya Kiteso, kabla ya kujua kusema shikamoo. Nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba huu ndio umoja wa Afrika Mashariki tunaousoma vitabuni.

Siku moja mtoto alipatwa na homa. Mke wangu alimwachia binti chupa ya dawa ya maji na kumwelekeza kwa haraka ampe nusu kijiko baada ya chakula cha mchana. Jioni tulikuta mtoto amepewa kijiko kizima, mara mbili. Mke wangu alihesabu kipimo, akamwangalia mtoto usiku kucha, na Mungu alitusitiri. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka na mtoto anacheza. Lakini jioni ile, kabla ya kujua kwamba mambo yatakuwa salama, nilikuwa nimempigia binti kelele.

“Si imeandikwa kwenye chupa? Kwa nini hukusoma?”

“Nilisahau alivyosema Mama, Mwalimu. Na yale maandishi sikuyaelewa.”

“Ulisoma mpaka darasa la ngapi?”

“La nne. Halafu korona ikafunga shule.”

Nilinyamaza. Mwalimu ana mazoea ya kuhesabu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Watoto wengi walikaa nyumbani karibu miaka miwili, na baadhi yao hawakurudi tena. Mtoto wa darasa la nne mwaka 2020 alikuwa na umri wa miaka tisa au kumi. Ongeza minne.

“Una miaka mingapi, kwa kweli?” nilimwuliza, sasa kwa sauti ya chini.

Alitazama sakafu. “Kumi na minne, Mwalimu. Yule mama alisema nikisema ukweli sitapata kazi.”

Msomaji wangu, katika nyumba yangu hakukuwa na mtoto mmoja na mlezi wake. Kulikuwa na watoto wawili, tuliowaacha peke yao tangu alfajiri mpaka usiku, na yule mkubwa alikuwa ameagizwa kuwa mtu mzima.

Nilizijua sheria. Nimezifundisha. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinawalinda watoto dhidi ya kunyonywa na dhidi ya kazi inayovuruga masomo yao, na kwa ulinzi huo kinamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka kumi na sita. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa dhidi ya kazi za hatari na za unyonyaji. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa kwenda shule katika kazi inayomzuia kusoma. Angalia neno kila katika Kifungu cha 53. Hakikusema kila mtoto wa Kenya. Binti aliyepita njia ya panya alikuwa na haki ile ile tangu alipokanyaga upande wa pili wa kichochoro.

Hata hivyo, usiku ule nilitafuta hoja za kumbakiza. Nilimwambia mke wangu kwamba kwetu binti anakula mara tatu. Nikasema kwamba tukimrudisha huenda akaozwa. Nikasema kwamba tukimwacha sisi, dalali atampeleka kwa watu wabaya zaidi. Nikasema kwamba mshahara wake unawasaidia wadogo zake. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Kama unamhifadhi kwa ajili yake, kesho mwandikishe shule ya hapa jirani, tuone kama utaendelea kumtaka.”

Sikuwa na jibu. Kila hoja yangu ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja iliyohitaji binti yule ashinde nyumbani mwangu akimbeba mwanangu. Hilo nililihitaji mimi.

Jumamosi iliyofuata tulimrudisha kwao, mimi na mke wangu, mtoto akiwa mgongoni. Huko Uganda kila baraza la mtaa, tangu ngazi ya kijiji, lina mjumbe aliyepewa jukumu la masuala ya watoto. Ndivyo Sheria ya Watoto inavyotaka. Tulimtafuta mjumbe huyo wa kijiji kwanza, tukaenda naye. Mama mzazi alitukaribisha kwa heshima, akatandika mkeka, akasikiliza. Nilitarajia atafurahi. Aliponijibu, maneno yake yaliniingia.

“Mwalimu,” alisema, “unaniletea mtoto, nami nashukuru. Lakini unaniletea pia kinywa, na umeniondolea mkono.”

Alikuwa na watoto wengine wawili shuleni. Uganda ilianzisha elimu ya msingi ya bure mwaka 1997, na Kenya mwaka 2003, lakini wewe na mimi tunajua kwamba bure ina gharama zake: sare, madaftari, chakula cha mchana, michango. Mshahara wa binti ulikuwa ukilipa hayo. Tulikaa juu ya mkeka ule mpaka jua likaanza kuinama. Mwisho tulikubaliana, mbele ya mjumbe na kwa maandishi, kwamba binti atarudi shuleni, na kwamba sisi tutamlipia chakula cha mchana na vifaa vyake mpaka amalize shule ya msingi. Siandiki haya ili unisifu. Mtu aliyekopa saa za mtoto akizilipa, hajatoa sadaka; amelipa deni, tena kwa kuchelewa.

Basi, Jumatatu ilifika, na mtoto wetu hakuwa na mlezi. Mke wangu alichukua siku chache za likizo alizokuwa amebakiza. Mimi niliomba wiki moja bila malipo. Katika wiki hiyo nilikuwa peke yangu na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu alfajiri mpaka usiku, kwa mara ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka darasani. Nilielewa kwa nini lugha yetu ina jamii nzima ya maneno kutokana na kitenzi lea: mlezi, malezi, leleka, na ulezi. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi, ulezi ni kazi ya kulea, na pia ni ile nafaka ndogo nyekundu ambayo hapa kwetu tunaiita wimbi, ambayo wakulima wa Tororo na Busia huipanda sana. Sijui kama maneno hayo yana asili moja, lakini mtoto anayelelewa kwa uji wa ulezi huyaunganisha kila asubuhi.

Wiki ile nilizunguka mtaani na sokoni, mtoto mkononi, nikiona nisichokuwa nimekiona. Busia ni mji wa biashara, na biashara hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake: wauza omena, nafaka, mboga, nguo za mitumba, wanaovuka kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Nilianza kuangalia chini ya meza zao. Kulikuwa na watoto huko, wamelazwa juu ya magunia, wamefunikwa leso, wakipumua vumbi la malori. Mwanamke mmoja alinieleza kwamba akimwacha mtoto nyumbani hana wa kumwangalia, na akibaki naye nyumbani hana cha kumlisha. Swali langu lilikuwa swali la mji mzima. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na uwezo wa kumnunua mtoto wa mtu mwingine ili nisilione.

Tulimpata mlezi kwa njia ya jirani. Ni mama mzee ambaye mtaa wote humwita Nyanya. Wewe uliyejifunza Kiswahili kwa msamiati wa jikoni usicheke: nyanya ni tunda la mchuzi, na nchini Kenya nyanya pia ni mama wa baba au wa mama, yule ambaye Watanzania humwita bibi. Nyanya, akisaidiwa na binti yake mtu mzima, hulea watoto saba katika chumba cha mabati chenye uwanja mdogo uliozungushiwa ua. Wengi wao ni watoto wa wauzaji sokoni, ambao humlipa kwa siku.

Mke wangu, kwa macho ya muuguzi, alikagua kabla ya kukubali. Aliuliza maji ya kunywa yanatoka wapi na kama yanachemshwa. Alitazama jiko limewekwa wapi, na kama choo kina mfuniko. Aliuliza watoto hulala wapi mchana, na kama kuna chandarua, maana malaria ni ugonjwa wa kwetu. Aliuliza mtoto akipata homa Nyanya atafanya nini. Mimi niliuliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari: saa za kufika na za kuondoka, malipo, namba za simu, majina ya watu watatu wanaoweza kumchukua mtoto, na kwamba dawa yoyote hutolewa na mzazi mwenyewe. Nyanya hakuchukia. Alisema hajawahi kuulizwa maswali mengi hivyo, na kwamba angependa kila mzazi ayaulize.

Lakini Nyanya hufunga saa kumi na mbili jioni, nami nilikuwa nikifika saa mbili usiku. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimechukulia kwamba zamu ya mke wangu ndiyo itakayopinda. Kifungu kile kile cha 53 kinasema kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Nilikuwa nimekisoma mbele ya darasa mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikiwafikiria wanaume wengine. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba vipindi vyangu visogezwe asubuhi, na zamu zangu za jioni ziwe mbili tu kwa wiki. Alishangaa. Aliniuliza kama mke wangu ni mgonjwa. Nilimwambia ni mzima, ila yeye naye yuko kazini. Alicheka kidogo, kisha akabadilisha ratiba. Wenzangu wawili wamekwisha kuomba vivyo hivyo.

Sasa tugeuke kutoka nyumbani kwangu tuutazame uraia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 18, unasema kwamba watoto wa wazazi wanaofanya kazi wana haki ya kufaidika na huduma za malezi. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu cha 20, unazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto hao wanapata huduma hizo. Kenya na Uganda zimeiridhia mikataba yote miwili. Na ukifungua Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya, penye orodha ya majukumu yaliyogatuliwa kwa kaunti, utakuta vituo vya malezi ya watoto vimetajwa katika mstari mmoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo mahali pa kumweka mtoto wa muuza omena si hisani. Ni jukumu lililoandikwa, lenye mwenyewe. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, kwa hiyo jambo hili si ndoto.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 humpa mwananchi haki ya kupeleka ombi la maandishi katika bunge la kaunti yake. Ndilo tunaloandika sasa, wazazi wa watoto wa Nyanya na wanawake wa sokoni. Tunaomba chumba cha watoto ndani ya soko, chenye maji na kivuli, kinachofunguliwa kwa saa za soko na si kwa saa za ofisi. Tunaomba walezi wafundishwe huduma ya kwanza. Tunaomba pia vituo viandikishwe, na hapa tumebishana sana. Wengine wanataka masharti makali. Nyanya aliuliza swali lililotunyamazisha: masharti yakiwa ya kuta za mawe na vyeti vya chuo, na yeye akafungiwa, watoto saba watakwenda wapi? Tuliijua njia. Watarudi chini ya meza, au mikononi mwa binti wa miaka kumi na minne nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo tumeandika kwamba kaunti imsaidie kwanza mlezi afikie kiwango, kisha imkague. Na tumeandika kwamba watoto wa wafanyabiashara wanaotoka upande wa Uganda wapokewe bila kuulizwa uraia, kwa sababu ya lile neno kila.

Saini bado tunakusanya. Baadhi ya kina mama hutia alama ya dole gumba, na hukaa kitambo wakiitazama karatasi kabla ya kuirudisha.

Jana nilifika kwa Nyanya saa kumi na mbili kasorobo. Mwanangu alikuwa mlangoni, amevaa kiatu kimoja. Binti yule wa Tororo sasa yuko darasa la sita. Amempita mwalimu wake kwa kimo, nasikia anaona haya kusimama kwenye mstari wa asubuhi. Nilimtumia ujumbe kupitia kwa mjumbe wa kijiji kwamba asiache. Yeye alinitumia swali: je, mtoto bado anakumbuka kusema yoga? Anakumbuka. Humwambia kila mtu, hata kuku.

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Wengi huitumia methali hii kuomba msaada, nami niliitumia hivyo. Sasa ninaisoma pia kwa upande wa pili. Kama mkono mmoja hautoshi, basi lazima tuulize mkono wa pili ni wa nani, una umri gani, unalipwa nini, na mwenye mkono huo angekuwa wapi leo kama asingekuwa kwetu.

Kabla hujafunga ukurasa huu, nakuachia maswali matatu. Yajibu kwa Kiswahili, katika daftari lako. Katika mtaa unaoishi, watoto wa wazazi wanaofanya kazi mbali hushinda wapi? Nani ana jukumu la kisheria juu ya mahali hapo, na wewe unaweza kumfikia kwa njia gani? Na la tatu: tunga sentensi moja yenye neno mpaka mara mbili, kwa maana zake zote mbili. Yangu umekwisha kuisoma.

Mwalimu wako.